Dunia Mbili za Mnara

Langoni, Amu
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa kaka yangu Nabhan,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai karatasi hii itakukuta na afya njema, na kwamba lile goti ulilolilalamikia tangu Ramadhani limetulia. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba bado anafungua duka lake la misumari na rangi, ijapokuwa macho yanamsumbua na hataki kusikia habari ya miwani. Mama anauliza kama unakula, nami nimelifikisha swali kama lilivyo. Najua utashangaa kupata barua badala ya ujumbe wa simu. Hamdu wa jirani anasafiri kuja huko Maskati, na kuna kitu ambacho simu isingeweza kukibeba.

Kwanza habari za gemu, la sivyo utadhani si mimi ninayeandika. Sehemu ya sita ya Mnara imetoka na nimeimaliza kwa siku nne, mama akitishia kuzima umeme. Unakumbuka tulivyogombana kwa simu wiki nzima? Katika sehemu tatu za mwanzo, zile tulizocheza pamoja chumbani kwako, Kapteni Rasa anafungiwa nje ya mnara na dada yake anaungua ndani. Sehemu ya nne wakaianza hadithi upya: mlango unafunguka kwa wakati, na dada anaishi mpaka anazeeka. Ulisema huo ni ulaghai, aliyekufa amekufa, na kisa cha kweli ni cha kwanza tu. Basi watengenezaji wenyewe wametamka. Visa vyote viwili ni sahihi, kila kimoja kina dunia yake, na hakuna kinachofuta kingine.

Nimesoma kwamba wapo hata wanasayansi wanaodhani dunia yetu huenda ni moja tu kati ya nyingi, na lisilotokea hapa limetokea kwingine. Nilipomweleza baba, alisema kila siku tunamsifu Mola wa walimwengu wote, sasa nyinyi mnashangaa nini. Nilifurahi kukushinda, sikufichi. Furaha yenyewe haikudumu.

Wiki mbili zilizopita Ummu, binti ya ami Barka, aliolewa. Siku ya hina, mimi ambaye sijaolewa sikupakwa, nikapewa kazi ya kuwapepea na kuwanywesha waliopakwa. Nikawekwa kwa Zamzam wa Pate, yule uliyemposa miaka kumi iliyopita. Siku hizi anafundisha chekechea hapa Amu. Aliolewa Faza, ndoa haikukaa, wakaachana kwa wema. Ana binti wa miaka sita. Alikunywa sharubati mkononi mwangu, kisha akauliza kama hujambo.

Kwetu kisa ni kimoja, unakijua. Baba alipeleka barua ya posa Pate, wakanyamaza, tukaelewa kuwa wamekataa kwa adabu, nawe ukapanda ndege. Zamzam ana kingine. Alinieleza kwamba baba yake alikubali kabla ya wiki kuisha, jibu likaletwa Amu kwa mkono, wakakaa wakingoja sisi tupange siku. Nilipomuuliza kwa nini hawakutuma tena, alisema upande wa mwanamke ukishakubali haurudii, utaonekana unabembeleza. "Hatukuwa na ndia," akasema; njia ya kuuliza ilikuwa imefungwa. Kwao wewe ndiye uliyegeuka. Miaka kumi nyumba hizi mbili zimeishi kila moja na kisa chake, na kila moja ina hakika.

Kaka, barua ile ilifika. Niliipokea mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nyinyi mko msikitini kwa swala ya alasiri, mama yuko juu, na mtu kutoka Pate akanikabidhi bahasha mlangoni. Nilijua ni ya nini. Nilijua pia kwamba kwetu mume huhamia nyumbani kwa mke, kwa hiyo ukioa Pate utakwenda kukaa Pate, nami nitabaki na pedi mbili za gemu na sina wa kucheza naye. Nikaificha ndani ya kasha la diski ya tatu ya Mnara, nikisema kesho nitaitoa. Kesho yake niliogopa, na ulipoondoka nikaogopa zaidi. Uliponiomba nikutumie diski ile nilikwambia imevunjika. Ilikuwa nzima.

Tangu nisikie habari ya dunia nyingi nimekuwa nikijifariji kwamba yuko Nadra mwingine aliyekupa bahasha, na huko unanenepa Pate na watoto watano. Lakini Zamzam niliyekuwa nikimpepea ni wa dunia hii. Nikamwambia palepale. Machozi yalimtoka na mikono yake imejaa hina, ikabidi nimfute mimi niliyemliza. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Baba na mama niliwaambia juzi Ijumaa. Mama alilia, kisha akaenda kukipiga deki chumba chako. Baba aliondoka kwenda dukani, na leo asubuhi ameniuliza ndege za kutoka huko hutua Mombasa siku gani. Una haki ya kukasirika, nami nitangoja msamaha wako hata ukichelewa. Bahasha nimeiweka humu. Sijaifungua.

Ila usiichukue kuwa ndiyo jibu. Hina ilipokauka, Zamzam aliniagiza nikufikishie hivi: hilo lilikuwa jibu la baba yake, naye ameshafariki, Mungu amrehemu. Siku hizi yeye ni mwanamke aliyewahi kuolewa, hasemewi na mtu. Ukitaka kulijua la kwake usitume barua wala wazee. Uje mwenyewe umuulize, atakujibu kwa mdomo wake.

Wote nyumbani wanakusalimu, na ami Barka anakudai mkono wa pongezi za harusi. Wasalimie unaoishi nao.

Wassalaam,
mdogo wako aliyekukosea,
Nadra binti Abdulwahid