Kitabu Nilichomchagulia Njeri

Wambui wangu,

Njeri wako ameanza kwenda jimu. Nimetaka ulisikie hilo kabla ya mengine yote, maana nakujua. Ukiletewa habari ya mtoto wako huwa husikii kitu kingine mpaka ujue kama ni nzuri au ni mbaya. Ni nzuri. Sasa tulia nikuhadithie.

Tangu tukulaze kaburini kule kwenu Gatundu, msichana alikuwa amejifungia. Kazini alikuwa anaenda, lakini akirudi pale Ruiru anafunga mlango na hapo ndipo siku yake inapoishia. Nikimpigia ananiambia, "Niko sawa, Tata," kwa sauti ile ile kila mara, mpaka nikaanza kuichukia hiyo sawa yake. Unajua ananiita Tata, jina la dada ya mama, tangu akiwa mdogo, kama vile mimi na wewe tulitoka tumbo moja. Nilikuwa nasafiri kutoka Thika kwenda kumwona, ananipikia chai, tunakaa, tunatazama runinga, narudi nyumbani sijui hata alichokuwa akikifikiria.

Halafu asubuhi moja nikiwa nafua nguo, simu ikalia. Ujumbe wake ulikuwa hivi: "Tata sasa. Nisaidie na kitu. Nataka kitabu ya mtu anaanza gym. Ya mtu hajui kitu kabisa. But sitaki coach. Sitaki mtu aniangalie."

Nikamuuliza mbona asitazame video kwa simu kama wenzake. Akasema za kwa simu watu wanapiga kelele sana, na miili yao inamfanya atake kurudi kulala. Nikacheka. Nilikuwa nimeshaanza kusuza nguo ujumbe wa pili ulipoingia: "Ile siku ya bafu nilishindwa kuinua mum. Sitaki kushindwa tena."

Wambui, niliziacha nguo kwenye karai nikaketi pale pale chini kwenye saruji.

Ile siku ya bafu wewe uliniambia ukicheka. Ugonjwa ulikuwa umeshachukua miguu yako, ukateleza ukakwama katikati ya ukuta na ndoo, Njeri akajaribu kukuinua akashindwa, akatoka nje akipiga nduru, wanaume wa ploti ya jirani wakaja wakakutoa. "Wamenibeba kama sofa," ndivyo ulivyoniambia, na tukacheka mpaka ukakohoa. Mimi nilidhani yameishia hapo. Kumbe Njeri, aliyekuwa jikoni akitengeneza uji, hakuwa anacheka. Alikuwa anaisikia hadithi hiyo kama kesi yake.

Basi nikapewa kazi ya kutafuta kitabu cha kuchukua nafasi ya mtu. Na mimi niliyepewa kazi hiyo sikufundishwa na kitabu. Nilifundishwa na wewe.

Unakumbuka? Tulikuwa tunashona kola pale kiwandani, Eneo la Viwanda hapa Thika, kichwa chini asubuhi mpaka jioni, na migongo yetu ilikuwa inalia kila tukisimama. Ukaja siku moja ukasema umepata jimu Ruiru, nyuma ya duka la hadiweya, ya mabati, na kocha ni mtu mpole. Nikakwambia jimu ni ya vijana wenye vesti za kubana. Ukasema hata sisi tuna vesti. Nilivyokwenda siku ya kwanza nilijifunga leso juu ya suruali, kama mtu anayekwenda kuteka maji. Nikawekewa chuma kitupu mabegani, bila uzito wowote, na mwili wangu ukafanya kitu ulichokijua tangu utotoni. Ukainama. Shingo mbele, mgongo umepinda, kana kwamba nina mzigo wa kuni na mkanda umenikaza kwenye paji la uso. Kocha akaita kutoka mbali, "Mama, kifua juu!" Mimi nikainua kidevu tu.

Ndipo ulipokuja ukaniwekea kiganja katikati ya mabega. "Simama, Mama Kim. Hizi si kuni." Nikasimama. Tulicheka mpaka kocha akaja kuniondolea kile chuma kisije kikatuzika. Na baadaye, tukijipangusa jasho, ukaniambia kwamba hata wewe ulianza vivyo hivyo, ukiwa umeinama kama unapanda kilima cha kwenu. Hukuniacha nijione mjinga peke yangu. Sijui kama niliwahi kukushukuru kwa hilo. Mgongo wangu mpaka leo haulii, Wambui. Nashona kola kama kawaida na nasimama kama msichana. Hiyo ni kazi ya kiganja chako.

Sasa kitabu. Siku yangu ya mapumziko nikaenda mjini Thika, kwenye lile duka la vitabu vya mitumba. Mwenye duka ni mama wa rika letu, miwani imening'inia kifuani. Akanipa cha kwanza. Juu yake mwanamume ana kifua kama mikate miwili iliyoumuka. Nikafungua, na jambo la kwanza kabisa kinamwambia anayeanza avue nguo, asimame mbele ya kioo, ajipige picha, ili auone ubaya wake na apate hasira ya kufanya mazoezi. Nikakifunga. Nilikumbuka siku ya mazishi, wale akina mama waliokuwa wakimtazama Njeri kuanzia chini mpaka juu na kunong'onezana kwamba ameongezeka, mtoto amebeba picha ya mamake mkononi. Hasira anazo za kutosha. Hahitaji za kununua.

Cha pili kilikuwa kizuri macho yakitazama, mashine moja baada ya nyingine, zinang'aa. Jimu yetu unaijua. Vyuma, dambeli, tairi la lori, na lile benchi lililochomelewa mguu. Mtu anayeanza akisoma kitabu cha mashine kisha aingie mle, ataona ama jimu imepungukiwa ama yeye amepungukiwa, na Njeri angechagua kwamba ni yeye.

Cha tatu kiliahidi mwili mpya kabla mwezi haujaisha. Mazoezi kila siku, hakuna kupumzika, na chakula ni samaki ambao hata jina siwezi kulitamka. Kuhusu maumivu kilisema usiyajali, endelea. Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Wewe ulinifundisha siku za mwanzo kabisa kwamba kuna uchungu wa nyama, ule wa kushuka ngazi ukienda upande upande, huo ni wa kawaida, utaisha. Na kuna uchungu wa kuchoma kwenye kiungo, na huo ukija unaweka chuma chini dakika hiyo hiyo, hata kama kocha anatazama. Mtu aliyeandika kitabu kizima bila kutenganisha hivyo viwili, sijui alikuwa anamwandikia nani.

Yule mama akavaa miwani yake. "Kwani mum, unataka kitabu gani?"

Nikamwambia nataka kitabu chenye adabu.

Hakucheka. Akafikiri, akaingia nyuma, akarudi na viwili. Kimoja kinene, picha za rangi, maelezo mengi mazuri. Kingine chembamba, michoro tu ya kalamu, na aliyechorwa ni mwanamke wa kawaida mwenye tumbo lake. Sikuweza kuamua pale dukani, nikavichukua vyote nikaenda kuvijaribu nyumbani.

Nilijifanya sijui kitu. Nikasema, mimi ni Njeri, sijawahi kuguswa mgongo na mtu, nitafanya kile tu ninachoambiwa na kitabu. Nikachukua ufagio nikauweka mabegani katikati ya sebule. Nikaanza na kile kinene. Picha zake zote zilipigwa mtu akitazama mbele, meno nje, na kutoka mbele huwezi kuona mgongo wa mtu uko vipi. Nikafuata kila neno, nikachuchumaa, nikajitazama kwenye kioo cha dirisha. Kuni, Wambui! Kuni kabisa, na mkanda kichwani! Na wakati huo huo Baba Kim akafungua mlango. Akatazama ufagio, akanitazama mimi, akarudi nje akafunga polepole. Mpaka leo hajaniuliza.

Kile chembamba kilinianzisha kwa kuketi kwenye kiti na kusimama, basi. Halafu kwa kuketi bila kuachia uzito wote. Halafu na fimbo. Michoro yote ni ya ubavuni, na mgongo umechorewa mstari ili uone unapopinda. Kilisema mwenye mgongo unaouma amwone daktari kwanza. Kilisema mayai na maharagwe yanatosha. Kilisema siku ya kupumzika nayo ni siku ya mazoezi, usiikimbie. Nilikuwa nakisoma naona kama ni wewe unaongea, isipokuwa hakina matusi.

Halafu nikafika karibu na mwisho. Pale pameandikwa mazoezi ya vyuma vizito, na kuna mchoro wa watu wawili. Mmoja yuko chini ya chuma. Mwingine amesimama nyuma yake, mikono karibu, haimgusi. Na maneno yake ni machache: ukifika hapa usiendelee peke yako, tafuta mtu unayemwamini asimame nyuma yako.

Nilikaa na ukurasa huo mpaka ugali ukaungua. Yeye alisema hataki mtu amwangalie. Nikimpa hiki, akifika hapa huenda akakifunga na arudi kulala, na safari hii hatanitumia ujumbe tena. Nikimpa kile kinene, ataenda nacho mpaka mwisho, peke yake, kama alivyotaka, na mgongo wa kuni, na siku moja atajiumiza akiwa mle ndani bila mtu. Ningekuuliza wewe. Hayo ndiyo mambo ambayo nilikuwa nakuuliza wewe.

Nikampelekea chembamba. Sikuandika kitu ndani, sikusema kitu. Akakipokea mlangoni, akakipekua, akasema, "Asante, Tata." Nikarudi Thika moyo mkononi.

Siku zikapita bila ujumbe wake. Nilikuwa nikipita pale kwenye maporomoko ya Chania nikielekea kazini najikuta naongea na wewe kwa sauti, na watu wananipisha njia. Kisha jioni moja akapiga.

"Tata, nimefika ile page. Wanasema nisikuwe peke yangu. Utakuja?"

Nikasema nitakuja. Sikumwambia kwamba hata mimi sijakanyaga jimu ile tangu wewe ulipoacha kwenda. Nilikuwa naogopa ule msumari wa ukutani ambao ulikuwa ukitundikia leso yako tukifanya mazoezi.

Msumari bado uko. Hakuna aliyetundika kitu hapo. Kocha aliponiona alikwenda akachukua kile chuma chako chenye utepe wa buluu katikati akakiweka chini mbele yetu, na uzito kidogo kila upande. Njeri alikuwa amevaa fulana kubwa ya kufichia mwili. Nikasimama nyuma yake na kiganja changu tayari. Nilikuwa nimejiandaa kwa kuni.

Akakunja magoti kidogo. Akakivuta chuma karibu na miguu yake. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya chini, "Moja, mbili, haya," akasimama nacho. Mgongo umenyooka kama mlingoti wa shule, Wambui. Kiganja changu kilibaki hewani.

Akakirudisha chini taratibu, bila kukibwaga. Nikamuuliza kama ni kitabu kilichomfundisha hivyo. Akasema kitabu kinasema vivyo hivyo, lakini yeye alikuwa anajua.

"Ulifundishwa na nani?"

Akanitazama kama nimemuuliza nani alimfundisha kula. "Mum. Nikimtoa kwa kitanda. Alikuwa ananiambia, kunja magoti, nilete karibu na wewe, vuta pumzi, moja mbili haya."

Ai, Wambui. Ulikuwa umelala hapo miguu haina kazi, na kila asubuhi unamzungushia mtoto mikono shingoni, na bado unafundisha. Ulikuwa ukitulinda migongo mpaka siku zako za mwisho. Na hukuniambia.

Nikamwambia Njeri ukweli. Nikamwambia siku ya bafu sakafu ilikuwa imelowa, na wewe ulikuwa umekwama mahali ambapo hata mwanamume mmoja asingeweza, ndiyo maana waliitana. Hiyo ni siku moja. Kisha nikamuuliza, na zile nyingine zote, za kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti mpaka nje mlangoni ulipokuwa unapenda kuota jua, nani alikuwa anakuinua?

"Ni mimi," akasema. Halafu akasema tena polepole, kama mtu anayejaribu kiatu, "Ni mimi nilikuwa namuinua."

Akaketi kwenye benchi lile la mguu uliochomelewa, akalia vile hakulia Gatundu. Nami nikalia. Kocha akachukua ufagio akaenda kufagia nje, mahali ambapo palikuwa pameshafagiwa.

Asante, mwenzangu. Kwa mgongo wangu, na kwa wake. Leso yako nimeiomba kwa Njeri na nimeitundika kwenye msumari wako, tuwe tunaipata tukiingia. Kitabu kiko kwenye mkoba wake, kimeanza kuchakaa pembeni, na jana amenirekebisha miguu mimi, na dharau ndani yake, kama wewe.

Jumamosi anaongeza uzito kidogo. Nakuahidi kitu kimoja tu na nitakitimiza: sitamwacha apite ukurasa ule peke yake. Nitakuwa nyuma yake, mikono karibu, bila kumgusa.

Wewe sasa pumzika, Mama Njeri. Ulimfundisha, na amejua.

Mimi wako,
Mama Kim