Mlio wa Kumwita Mlembe

Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo
Septemba 2, 1974

Mchumba wangu Scholastika,

Kabla hata ya salamu nitoe nililokuficha: mlio wa kumwita mlembe ninaujua. Uliponiuliza hapa barazani, mbele ya wenzako wa kikundi cha sinema, nikacheka na kusema hizo ni hadithi za watu wa porini, nilisema uongo.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Safari ya kusini haikukuvunja mgongo? Mimi kifua kimezidi. Daktari alinitazama kama mtu anayefunga duka, nikamwelewa. Ndiyo maana naandika.

Nimefundisha shule maisha yangu yote, na kila darasa niliwaambia watoto kwamba ndege hasemi na mtu. Lakini kwetu Namihongo, aliyetaka asali alimwita mlembe, yule ndege mdogo wa kijivujivu, naye akaja, akatangulia mti kwa mti mpaka kwenye nyuki. Mtu akapasua mti, ndege akaachiwa nta. Baba yangu alikuwa maarufu kwa kuita. Wazee walisema mtu na mlembe walizaliwa na mama mmoja: huyu akarithi moto, yule akarithi mabawa, na asali ikabaki urithi usiogawanyika, kwa sababu hakuna anayeweza kuufikia peke yake.

Mlio wenyewe ni huu: tetemesha ulimi, brrrr, mpaka pumzi ikaribie kwisha, kisha guna, hm, kama anayekubali jambo. Wafundishe vijana wa hapo Namihongo mnaotengeneza nao sinema.

Babu yako,
Eliasi


Namihongo
Septemba 10, 1974

Shikamoo Babu,

Sisi huku wazima, ila kifua chako kinaninyima raha. Bi Vidya bado anakuletea maziwa ya tangawizi? Unayanywa, au unampa paka?

Kumbe unajua! Barua yako niliisoma nimesimama katikati ya njia, watu wakadhani nimepata msiba.

Babu, kijiji kimehamishiwa barabarani tangu mwaka jana, na msitu umebaki ng'ambo ya mto. Vijana wa hapa hata jina la huyo ndege hawalijui. Lakini kamera tunawapa wao. Wanachagua wenyewe cha kupiga, jioni wanajitazama kwenye kile kisanduku cha kioo kinachorudisha picha, wanabishana, kesho wanarudia. Nilipowasomea habari ya urithi usiogawanyika walinitaka nirudie mara mbili. Benedikta, ambaye anaishika kamera vizuri kuliko hata sisi tuliotoka nayo mjini, akasema, "Basi twende tukamtafute ndugu yetu."

Filbert, mmoja wa vijana hao, akausoma mlio kutoka kwenye barua yako katikati ya msitu, kwa sauti ya taarifa ya habari. Hakuja hata nzi. Mzee Kasmir, anayetuongoza, alicheka mpaka akakaa chini. "Nyie, mlio hausomwi!" Yeye mwenyewe haujui. Anasema ulikuwa wa ukoo wetu, wako na wangu.

Mwisho wa mwezi mashine zinarudi Dar. Tusipompata ndege, sinema hakuna, na vijana hawa sijui ni nani tena atawapeleka ng'ambo ya mto. Tafadhali, tutumie sauti yako kwenye kanda.

Mjukuu wako,
Schola


Kariakoo
Septemba 18, 1974

Mchumba,

Salamu nyingi zikufikie, na maziwa nayanywa, paka ndiye anayelalamika. Nguvu zinapungua, lakini jana ilikuwa siku ya pekee.

Nilikwenda kwa Umakant fundi redio, mumewe Bi Vidya. Nilipomweleza alizima redio zote dukani na kufunga mlango. Kazi bure: nje wanajenga soko jipya, zege linakorogwa tangu alfajiri, na wasukuma mikokoteni wanatukanana. Tukahamia uani na kinasa sauti chake. Nikaita.

Dirisha la jirani likafunguka. "Mwalimu! Unaita teksi?"

"Anaita malaika waje wamchukue," akajibu Severa muuza maandazi, "lakini hata wao wamekosa petroli."

Umakant akawanyamazisha kwa Kigujarati na Kiswahili vikichanganyika. Nikaita tena, na safari hii kifua kikakubali. Nikamaliza. Severa ameduwaa, maandazi yanaungua.

"Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ndogo, "huyo unayemwita ni nani?"

Nikamwambia ageuze maandazi. Kanda nimempa dereva wa basi.

Babu yako,
Eliasi


Namihongo
Septemba 24, 1974

Shikamoo Babu,

Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi, hujalala. Naandika haraka, soma taratibu.

Kanda ilifika. Vijana waliisikiliza mpaka betri zikachoka, na Filbert akaushika mlio wako vilevile, hata kikohozi chako cha mwisho. Wakaita asubuhi, wakaita jioni. Kimya. Mimi na Benedikta tulipotaka kujaribu, Mzee Kasmir akakataa: mwanamke kazi yake kubeba kibuyu. Jana basi nikabeba kibuyu, nikiwa nyuma ya wote. Nikaita moyoni. Halafu nikaita kwa mdomo.

Babu, alikuja.

Alitua kwenye mninga juu yangu akaanza kupiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa. Nikapiga hatua, akaruka, mkia ukafunguka mweupe, akatua mbele na kugeuka. Alikuwa ananisubiri! Ndege wa porini, asiyefugwa na mtu, ananisubiri mimi mtoto wa Kariakoo. Nikisimama anasimama. Nikiita anajibu. Benedikta alipiga picha huku machozi yanamtoka, na kamera haikutikisika. Tukafika kwenye mti mkubwa, nikaweka kiganja kwenye gome, na ndani yake nyuki walikuwa wakivuma kama watu wengi wanaosali kwa pamoja.

Mzee Kasmir alimwekea ndege nta yake kwa mikono miwili. Kisha akageuka akasema picha hiyo haitaonyeshwa. Tangu dunia iumbwe mwanamke hajamwita mlembe, na watu wakiona, ndege ataukimbia ukoo. Jumapili kijiji kinakaa kikao, ndiyo maana barua hii naituma kwa dereva wa basi. Wenzangu wanasema tukate mahali pangu, tumwoneshe Filbert akiita, ili sinema ipone.

Nikate, Babu?

Mjukuu wako,
Schola


Kariakoo
Septemba 26, 1974

Scholastika,

Usishtuke kuona mwandiko wa Umakant. Mimi nasema, yeye anaandika. Anakusalimu, na Bi Vidya pia.

Usikate. Barua hii isomwe kikaoni, Kasmir akiwepo, mpaka mwisho.

Nilipokuwa mtoto nilikwenda na wazazi wangu kumfuata mlembe, na nilipoita alikuja, kama alivyokuja kwako. Nilipobalehe na sauti ikawa nzito, niliita, msitu ukanyamaza. Niliita kiangazi chote. Mwishowe nikaona heri niamini kwamba ndege hasemi na mtu, kuliko kuamini kwamba hasemi na mimi. Hilo ndilo nililowafundisha watoto wa watu.

Nilikuandikia kwamba baba alikuwa maarufu kwa kuita. Maarufu alikuwa. Alirudi kijijini na asali begani, watu wakamshangilia, na sisi nyumbani tukashangilia pamoja nao, kwa sababu ndivyo tulivyoagizwa. Lakini kule msituni baba alisimama kando, ameegemea shoka, amenyamaza kama mtu aliye kanisani, akisubiri.

Aliyekuwa akiita ni mama.

Babu yako,
Eliasi