Bao la Mkono wa Kushoto

Gilgil

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. U hali gani, na goti linaendeleaje? Ng'ombe wamesharudi kutoka deltani? Mimi ni mzima, ila nina hasira, mama, na kwenye simu ningepiga kelele tu. Ifrah akusomee polepole, asiruke neno.

Shemeji Abdirizak ameniambia kwamba mnadani Garsen wanasema niliuza fainali. Mimi! Nilikuja huku kuchunga ng'ombe wa watu, nikahamishiwa farasi, nikazoa mavi yao hadi siku mchezaji mmoja wa mpira huu wa juu ya farasi alipougua, nikapandishwa mimi. Tangu hapo ni vikombe tu. Hakuna timu ya polo nchini ambayo sijaifunga. Leo watu waliokuwa wakinichinjia mbuzi nikija likizo ndio wanaoniita mwizi. Hawana haya!

Waambie ilivyokuwa. Tulikuwa sare, mechi inakaribia kwisha, farasi akaniangukia mkono wa kulia. Nilipopanda tena, mkono ule haukuweza kushika fimbo. Basi nikaihamishia kushoto, nikapiga, mpira ukaingia katikati ya milingoti. Refa akalikataa bao. Akasema sheria ya polo dunia nzima ni mkono wa kulia tu, eti farasi wasije wakagongana uso kwa uso. Kwani mimi niligongana na nani? Wapinzani wakapewa mpira, wakafunga, wakabeba kombe. Gazeti likaandika kwamba Godhana alikosa bao la wazi. Alikosa!

Nawe pia, mama, nina neno nawe. Nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Ni wewe uliyenifunga leso mkono huo kila nilipoketi kula, ukisema kwamba wa kushoto ni wa chooni. Huku wote wanausifu mkono wangu wa kulia, na mimi najua mkono huo ni kazi yako. Bao moja tu maishani lilikuwa langu mwenyewe, nalo wakalikataa.

Ninyi huko nyumbani niliwaambia kwamba nimeteguka kidogo. Si kweli. Daktari amesema vidole vya kulia havitakunjika tena. Polo imekwisha, mama, nakuja nyumbani. Ukileta sinia nitakula kwa kushoto, mbele yako na mbele ya wageni. Tafadhali usinipige mkono.

Nisalimie Ifrah, Suleiman na watoto wote. Wa mnadani waache kwanza.

Mwanao akupendaye,
Godhana