Binti Aliyefunikwa na Kofia ya Padri

Liège, Ubelgiji, Jumapili mchana

Papa, baba yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na magoti nimeyakunja kidogo ingawa hunioni. Mguu wako unaendeleaje na ule mteremko wa Nguba? Maji yanafika bombani, au dada yetu mkubwa, Yaya Nabintu, bado anashuka ziwani na madumu? Habari tunazozisikia za Bukavu zinatunyima raha. Simu ikikatika katikati ya neno, hubaki nimeishika kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Ndiyo maana leo nimechukua kalamu. Yaya, wewe unayemsomea Papa, usiruke mstari wowote, hata pale ninapojisema vibaya. Hasa pale.

Sisi ni wazima. Mvua ya huku haipigi bati. Inashuka bila sauti kama kitu kinachoona haya. Chini ya dirisha langu unapita mto wa rangi ya chai. Nikiutazama sana unapanuka, unakuwa ziwa letu, na wingu lililolala upande wa pili linakuwa kisiwa cha Idjwi. Basi nafunga macho kidogo na miguu yangu inarudi yenyewe kwenye ukumbi wa parokia.

Unakumbuka, Papa? Jumapili saa tisa, baada ya sala ya vespa, madirisha yamezibwa kwa blanketi za masista. Jua lilipenya kwenye vitundu vilivyoliwa na nondo, likatuangukia sisi watoto kichwani kama mchele. Padri alikaa nyuma na mashine yake ya sinema. Wewe ulisimama kando ya shuka jeupe na ile fimbo ya kuonyeshea ubaoni darasani, ukitugeuzia Kifaransa cha wachunga ng'ombe wa Amerika kuwa Kiswahili chetu. Farasi walikimbia katika nchi ya mawe mekundu, na vumbi lao lilikuwa na harufu ya jenereta. Kisha mzungu mwenye bastola alikutana na binti wa wenyeji wa nchi ile kando ya kijito. Walitazamana. Nyuso zikasogea. Hapo padri alivua kofia yake nyeusi akaiweka mbele ya mwanga, na shuka zima likawa giza.

Kofia ilipoondoka, hatukungoja sana kabla ya binti yule kufa. Kwa mshale, kwa risasi, kwa kumkinga mzungu wake. Kila filamu, kofia kwanza, kifo baadaye. Sisi tulielewa kwa akili zetu kwamba ni kofia iliyomuua. Ndiyo sababu hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyekubali kivuli cha padri kimpitie. Ulituona tukiruka pembeni njiani, ukacheka, hukuuliza.

Lakini wewe kila mara ulitusubiri tuanze kulia, kisha ukagonga sakafu na fimbo. "Musilie, batoto. Hakufa huyu. Iko anapumuzika tu, jua ilikuwa kali." Tukapangusa pua, tukaenda nyumbani tukijua kwamba mahali fulani, nyuma ya shuka, binti ameamka na kuomba maji.

Nilipofika miaka kumi na tisa, na vitabu viwili kwapani, nilikusema mezani mbele ya wageni. "Papa alikuwa anadanganya batoto. Ule binti alikufa, kila mutu mwenye macho aliona." Ukaweka glasi chini, ukauliza kama kuna anayetaka maharage tena. Maneno yale hatukuyarudia mpaka leo. Nayarudia leo.

Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza juu ya filamu hizo katika maktaba ya mtaa wetu wa huku. Unanijua. Nilisimama saa nzima kama ninapasua kuni. Niliwaambia kwamba binti yule alikuwa mzungu aliyepakwa rangi ya kahawia. Kwamba walimvika shanga za taifa moja, viatu vya taifa jingine, wakamsimamisha katika jangwa la taifa la tatu. Kwamba wachunga ng'ombe weusi walikuwa wengi, na kwenye shuka lile hatukuwaona. Kwamba katika majimbo mengi sheria ilikataza ndoa ya rangi mbili, na wenye filamu waliogopa mapenzi hayo hata ya kuigiza, hivyo ilikuwa rahisi kumuua binti kuliko kumwonyesha akipika chakula cha jioni katika nyumba yake.

Mzee mmoja akaniambia, "Bwana, ilikuwa sinema tu."

"Kama ilikuwa sinema tu," nikamjibu, "mbona umekuja kuitetea na mkongojo, katika mvua hii?"

Watu wakacheka. Nikajiona nimeshinda. Ndipo binti yangu Furaha, mjukuu wako, aliyekaa karibu na mlango, akainua mkono akaniuliza kwa Kiswahili ili wengine wasielewe: "Papa, na mu filamu yako, mimi nitakufa wapi?"

Sikuwa nimekwambia hili. Furaha ameombwa uchumba na kijana wa hapa, mzungu, anaitwa Joris. Anatengeneza piano, kabla ya kuigusa huweka sikio kwenye mbao kama daktari. Aliniletea ombi lake vizuri, Furaha amemfundisha kusalimu, na mimi nikamchinja kwa maswali. Nikamuuliza babu yake alikuwa wapi wakati wa koloni. Akafikiri. Akasema, "Alikuwa mwokaji mikate, mtaa wa pili kutoka hapa. Sijui kama aliwahi kuuliza kahawa yake ilitoka wapi." Ni jibu zuri, na ndiyo sababu lilinikasirisha. Nikamwacha angoje wiki tatu.

Siku ile tulipotoka maktaba, kituoni, tukingoja basi chini ya mwavuli mmoja, Furaha akanimalizia: "Unasemaka sinema inaua binti juu inaogopa kumuona akizeeka na muzungu. Na weye unaogopa nini?"

"Unamupenda?"

"Papa, kama simupendi, ningekuwa navumilia kinywa chako juu ya nini?"

Nilirudi kwenye vitabu vyangu, vile vile nilivyovitumia kama mawe. Nikasoma safari hii bila kutafuta wa kumpiga. Papa, hawakufa. Kabla ya reli kufika, wanawake wenyeji wa nchi ile waliolewa na wazungu wafanyabiashara wa ngozi, wakawa wakalimani wao, wakawaonyesha njia za majira ya baridi, wakazaa, wakazeeka, wakawazika waume zao. Wengine waliachwa na watoto mikononi, na hilo sitalisamehe, kama nisivyosamehe yaliyowapata watoto wa rangi mbili walionyang'anywa mama zao kwetu enzi za koloni na kupelekwa misheni. Sijawa kondoo. Lakini hakuna mshale uliokuja kuwamaliza kwa wakati uliofaa. Waliishi. Filamu ndiyo iliyodanganya, na wewe na fimbo yako ya shule, bila kitabu hata kimoja juu ya nchi ile, ndiye uliyesema kweli ukumbini. Naomba unisamehe kwa maneno ya mezani.

Nimemwita Joris, nimemwambia aje na wazazi wake mwezi ujao. Unajua desturi yetu: siku hiyo baba wa binti hasemi, anasema msemaji wa familia. Kwangu hiyo ni adhabu kubwa kuliko faini. Nakuomba msemaji wetu uwe wewe. Tutaweka simu katikati ya meza, Furaha atawageuzia wakwe maneno yako, na mtandao ukikatika tutangoja, hata chakula kipoe. Utakapofika mahali pa kumuuliza Furaha kama anamjua mtu huyu, na kama tupokee kinywaji chake, mwache ajibu mpaka mwisho. Nitakaa kimya, mikono magotini. Safari hii hakuna kofia; mwanga utabaki wazi.

Nisalimie tantine, shangazi yetu muuza samaki wa sambaza. Mwambie samaki wa huku hawana ladha wala hadithi. Msalimie tonton, mjomba wetu mwalimu wa Bunyakiri, barabara ikiruhusu, na mama jirani anayekukumbusha dawa. Yaya Nabintu, asante kwa sauti yako. Sasa mpe Papa karatasi hii aishike mwenyewe.

Ni mimi Murhula, mtoto wako mgomvi, yule wa benchi la mbele aliyekuwa wa kwanza kulia, na wa kwanza kukuamini.