Niliposoma Maisha ya Ron

Jumapili, Doonside, pembeni mwa Sydney. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa, na hita ya chumba changu imegoma tangu asubuhi.

Jana nilisema uongo mbele ya mtu niliyekuwa nimetoka kumsomea ukweli wake.

Mtu huyo ni Ron, mzee wa miaka themanini na minne, katika makao ya wazee ninakofanya kazi. Wazee walialikwa kuandika visa vya maisha yao, kila mmoja asimame asimulie mwenyewe mbele ya wenzake na wageni. Ron aliandika chake mapema. Kisha kiharusi kikamnyang'anya sauti, akaninyooshea kidole mimi nimsomee. Sikumuuliza kwa nini mimi. Nadhani alinitambua zamani.

Kisa chake kinaanza akiwa mwalimu kijana, enzi ambazo hapa Sydney mwanamume kumpenda mwanamume mwenzake ilikuwa jela. Polisi walimkamata bustanini, jina likatoka gazetini, shule ikamfukuza. Halafu ukaja UKIMWI, akazika marafiki mpaka suti yake nyeusi ikapauka. Mwishowe sheria ikawaruhusu kuoana, lakini Colin, mwenzake aliyeishi naye miaka thelathini, alikuwa ameshakufa.

Nilisoma mchana, ukumbi wa chakula umejaa. Kila sentensi ilikuwa "mimi". Mimi nilimpenda. Mimi niliogopa. Macho sikuyaondoa kwenye karatasi, maana safu ya pili alikaa Neema, dada Mkongomani ninayefanya naye kazi na kuimba naye kwaya kanisani Blacktown. Ananiita kaka huu mwaka wa tano. Ndiye aliyenitafutia chumba hiki.

Watu walipiga makofi. Ron alilia bila sauti, akanishika mkono.

Neema akasogea pale pale tulipokuwa. Akauliza taratibu, "Kaka, ile maneno ni ya mzee tu, ao ni ya wewe pia?"

Nikacheka. Nikamwambia ni ya mzee tu, mimi ni msomaji.

Ron hajui Kiswahili hata neno. Kicheko kile alikijua. Akauachia mkono wangu.

Leo kanisani nilifungua mdomo tu, sauti haikutoka. Baada ya ibada nikamwomba Neema tutembee pamoja hadi stesheni. Njiani tuliongea habari za mvua. Tulipofika, nikamwambia, "Dada, jana nilikudanganya. Yale maneno ni yangu pia."

Treni yetu ikaja, ikaondoka, sisi tumesimama.

Kisha akauliza kama mama yangu kule Nakuru anajua. Nikasema hajui.

"Kwaya ikijua, watakutoa," akasema. "Mimi sitasema kwa mutu. Lakini usiniombe niseme ni sawa. Roho yangu bado inakataa."

Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumgombeza, yote kwa pamoja.

Treni iliyofuata tulipanda wote. Kuja Doonside ni kituo kimoja tu, lakini sijawahi kuiona safari ndefu hivyo. Alikaa akinielekea, Biblia mapajani. Nilipoteremka, yeye akiendelea kwenda Mount Druitt, niligeuka nimpungie mkono. Alikuwa ameinamisha kichwa. Sijui kama alikuwa akiomba, au alikuwa akinikwepa.

Nimeogopa. Lakini sikitaki tena kile kicheko cha jana.

Kesho saa moja asubuhi tuna zamu pamoja, mimi na Neema. Kwanza nitamwomba Ron msamaha, hata kama hawezi kunijibu. Halafu tutamtoa kitandani, kazi ambayo haifanywi na mtu mmoja: lazima mmoja asimame kushoto, mwingine kulia.

Nikiinua macho, nitamkuta Neema upande wa pili?