Geji Uliyoificha Chini ya Ovaroli

Fundi Salehe,

Shikamoo. Najua huitikii, basi marahaba naiitikia mwenyewe, na leo hakuna wa kunizaba kofi la kisogoni kwa utovu wa adabu.

Ni mimi Hamadi, uliyeniita Profesa wa Kidato cha Pili kwa kuwa hapo ndipo shule iliponishinda. Mimi husema niliishinda mimi, tuyaache. Gereji yetu ya njia ya Mbegani ipo. Benchi lako hakuna anayelikalia. Mteja mgeni akilisogelea, vijana wanamvutia ndoo.

Habari niliyonayo ni ya gari lako jeupe, lile la turbo. Tangu tukuzike Kaole lilikaa chini ya turubai, na likiwashwa linatetemeka kama mwenye homa. Mkeo aliniagizia kwa binti yenu, Zuhura: "Mwambie Hamadi, siku nikitoka eda safari yangu ya kwanza ni kwa mume wangu, na nataka kwenda na gari lake. Likishindikana, wapwa zake walikate wauze vipuri. Sitaki kulitazama likioza." Unanijua. Nikatanua kifua: "Mwambie mama, hilo kwangu kama kunywa chai."

Nikafungua kabati lako kutafuta spana. Chini ya ovaroli kuukuu nikakuta boksi. Ndani yake geji mpya ya kupima hewa na mafuta, na sensa yake ya oksijeni, bado ziko kwenye nailoni. Juu umeandika kwa ile chaki yako ya kuchorea vyuma: *Profesa*.

Nilikaa sakafuni, Fundi.

Maana unakumbuka, na mimi nakumbuka. Ile siku umeinama kwenye injini, ncha moja ya kipande chako cha mpira umeitia sikioni, ncha nyingine unaipitisha kwenye ekzosi. Ukasema, "Hapa kwenye kiungo chini ya turbo pana tundu. Nasikia *ss*." Nikasikiliza mara moja, huku nacheka, nisisikie kitu. Nikasema mbele ya wateja: "Mzee, masikio yamestaafu hayo, yanadai pensheni! Wenzako wanafunga geji, wewe bado unaagua injini kama mganga." Watu wakaangua kicheko. Ukacheka na wewe. Ila mpira uliukunja ukautia mfukoni, na sikukuona ukiutoa tena. Mwezi haukuisha, moyo wako ukasimama usingizini.

Basi nikaifunga geji. Nikatoboa bomba la ekzosi, nikachomelea nati, nikakaza sensa, nikavusha waya hadi kwenye dashibodi. Safi, hata wewe ungekosa la kusema. Nikawasha. Namba zikacheza, zikatulia kwenye kumi na nane. Yaani hewa sehemu kumi na nane kwa mafuta sehemu moja. Injini ina njaa, na ya turbo ikiwa na njaa huyeyusha pistoni. Nikaongeza mafuta. Ukatoka moshi mweusi, plagi zikalowa, gari likazima kabisa. Eda imebakiza siku mbili. Vijana wananiuliza, "Vipi Profesa, hesabu imegoma?" Na mimi, Fundi, mimi Hamadi, nikafunika boneti nikaenda kunawa mikono.

Kesho yake Zuhura akaja na suruali yako ya kazi. Mama kasema tuifanye matambara. Mfukoni, mpira wako. Bado umekunjwa vilevile.

Nikarudisha mafuta yalipokuwa, nikasafisha plagi, nikawasha, nikautia mpira sikioni. Safari hii sikucheka. Kwenye kiungo, chini ya turbo, palepale ulipoonyesha kwa kidole: *ss*. Pale palikuwa pananyonya hewa ya nje, na sensa ikawa inaipima hewa hiyo. Njaa haikuwepo. Sensa ya gari lenyewe nayo ilidanganywa hivyohivyo, ndiyo maana lilikuwa linatetemeka. Geji ilikuwa inarudia maneno yako tu. Nikabadili gasketi, nikakaza. Namba ikashuka hadi kumi na nne na nusu, kipimo cha injini iliyoshiba. Gari likatulia kama lililoitwa jina lake.

Jana mama alitoka eda. Alikaa nyuma, kiti cha mbele hakukitaka. Njiani kuelekea Kaole akaniuliza, "Hiyo namba inayowaka ndiyo kile alichokinunua?" Nikasema ndiyo, mama. Akatazama nje dirishani. "Alisema atakupa siku utakayojua kunyamaza."

Sikufungua mdomo tena hadi makaburini. Msamaha niliokuja nao nilirudi nao, kwa hiyo nauandika hapa: nisamehe, Fundi. Masikio yako hayakuwa na kosa.

Mpira nimeutundika kando ya geji. Kila gari litakaloingia, nitautia sikioni kwanza, ndipo nitazame namba, na mzee yeyote akiniambia anasikia kitu, nitainama.

Pumzika. Mola akulaze pasipo na kelele.

Nimenyamaza sasa, Fundi. Ila wewe hupo kunisikia nimenyamaza.

Wako,
Hamadi