Nimeuondoa Mzigo Wako Kaloleni

Nyumba ile ile ya Baba, Kaloleni,
S.L.P. 30417,
Nairobi.
16 Agosti 1981

Mpendwa kaka Simiyu,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Roseline. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichokilalamikia Krismasi ya juzi kimekwisha. Hatujawahi kuonja baridi ya Uingereza, lakini kwa jinsi unavyoisimulia tunaiogopa kuliko wewe. Je, watoto wameanza shule? Yule mkubwa lazima sasa ananizidi urefu.

Sisi huku tu wazima, yaani hatujalala kitandani. Mimi mgongo unaniuma tangu wiki mbili zilizopita. Sababu yake nitakueleza hapo chini, maana wewe unahusika.

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, karatasi nimeiweka juu ya sanduku la nguo. Nyumba ni tupu. Nikikohoa, sauti inanirudia kutoka ukutani, jambo ambalo halijatokea humu tangu likizo yako ya mwaka 1974.

Sidhani umeisahau likizo hiyo. Ulikuja na koti zito ukalivaa kwenye jua la mchana, ukanichukua mimi na Baba mpaka madukani kununua vifaa vya nyumba utakayojenga nyumbani Kimilili. Ulinunua fremu za madirisha za chuma, mlango wa chuma, choo cha kukalia, bafu la kizungu la kulala ndani, na mifuko ya saruji mpaka mwenye duka akatuagizia soda. Baba, Mungu amrehemu, alilipapasa lile bafu kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Ukasema tukuwekee vitu hivyo hapa Kaloleni kwa muda mfupi tu, mpaka likizo ijayo, utakapokodi lori. Kisha ukapanda ndege.

Likizo ijayo ndiyo hiyo tunaingoja mpaka leo.

Hujawahi kuniuliza tuliishije na mzigo wako katika vyumba viwili, basi nitakueleza bila kuulizwa. Bafu lilisimamishwa wima kando ya mlango wa jikoni, na kila aliyeingia alijigonga nalo. Madirisha yalikaa nyuma ya kabati, tukawa hatuwezi kulifungua vizuri. Saruji ilipangwa kando ya ukuta mzima wa chumba cha watoto, na kwa kuwa hapakubaki nafasi ya kitanda, tuliweka godoro juu ya mifuko. Wanangu wamekulia juu ya nyumba yako, kaka. Majirani walifanya mzaha kwamba watoto wa Wasike wanalala ghorofani, nami nikacheka nao, kwa kuwa ningefanya nini?

Hayo ningeyavumilia. Lakini wewe ni kifungua mimba, na unajua kwetu ilivyo: mdogo hajengi bomani kabla ya mkubwa wake. Akijenga, amemruka, na kumruka kaka yako ni kama kumzika angali anapumua. Kwa hiyo miaka yote ambayo hukujenga, mimi sikuweza kuchimba hata shimo la nguzo. Nikienda nyumbani nalala jikoni kwa Mama, mimi mwanaume mwenye mvi, na mke wangu analala kwa jirani.

Nilikuomba njia. Mwaka 1978 nilikuandikia uniruhusu nikujengee nyumba ndogo ya udongo katika kiwanja chako, ili na mimi nifunguliwe. Ulinijibu kwamba wewe si mtu wa kibanda, na kwamba nataka watu wakucheke. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tulipomzika Baba, nilikuomba mifuko michache tu ya saruji nisakafie kaburi. Ukaandika nisifungue hata mmoja, hesabu yako ya nyumba itaharibika. Kaburi la Baba ni la udongo mpaka leo, na nyasi tunafyeka wenyewe. Sijawahi kukuambia nilivyojisikia nilipoisoma barua hiyo. Nilikuchukia, Simiyu. Nilikuchukia kabisa, na ilinichukua muda mrefu kuacha.

Sasa habari za mwaka huu. Kiwanda cha mablanketi kimewapunguza wazee, na mimi ni mzee wao. Wamenipa mkono wa kwaheri na kiinua mgongo kisichoinua chochote. Bila mshahara siwezi kuwalipa kanju, hao wa baraza la jiji, kodi ya nyumba, kwa hiyo nimeamua kurudi nyumbani. Karani wa nyumba akaniambia kwamba hapokei ufunguo mpaka vyumba viwe vitupu kabisa. Nilikuandikia barua mbili nikikuuliza mzigo wako niupeleke wapi, na nyumbani nitaishi wapi. Hukujibu hata moja.

Ndipo nikaanza kutafuta mtu wa kuuondoa. Wewe utadhani hilo ni jambo dogo. Hapa Eastlands hakuna takataka ya bure: kila kitu kina mtu wa kukinunua, na kile kisicho na mnunuzi kina mtu wa kukutoza ili akibebe. Taabu ni kujua kipi ni kipi kabla hujatapeliwa.

Nilianza na jirani yangu Amolo, mwenye pikapu. Ni mtu mzuri, tumezikiana. Akaingia, akaliona bafu, na uso wake ukabadilika.

"Wasike, kumbe uko na mali hivi na unatuficha?"

Nikamwambia mali si yangu, ni ya kaka aliye ng'ambo. Nilikosea. Niliposema ng'ambo, bei ikapanda hapo hapo. Akataka mia nne kwa safari moja, na kwa macho yake zilikuwa safari tatu. Nikamwambia sina kazi tena. Akasema, "Basi andikia huyo mtu wa pauni atume." Nisingeweza kumweleza jirani kwamba mtu wa pauni hajibu barua.

Kisha nikapata wanaume wawili wa mkokoteni pale soko la Burma. Bei yao ilikuwa tamu, nami kwa furaha nikawalipa nusu kabla hawajagusa kitu. Walibeba vyepesi: magunia, mabati mabovu, viti vilivyovunjika miguu. Walipofika chumba cha watoto, mmoja akavuta mfuko wa saruji, mfuko ukagoma. Akaupiga teke, akaruka akishika kidole cha mguu.

"Buda, hii si takataka. Hii ni mawe! Ulikuwa unafuga mawe kwa nyumba?"

Walikwenda na nusu yangu. Kesho yake watoto wa mtaa wakaja kuniambia viti vyangu vimetupwa nyuma ya ukumbi wa Kaloleni, na askari wa kanju anauliza ni vya nani. Nikaenda kuvirudisha mwenyewe, mchana kweupe, Roseline akinisaidia na watu wakitutazama. Hapo ndipo mgongo ulipoteguka.

Wa tatu alikuwa Njogu, mwenye yadi ya vyuma vikuukuu huko Kariobangi. Huyu hakutaja bei mlangoni. Alikuja na kipande cha nondo na chaki, akapita chumba hadi chumba akigonga kila kitu na kusikiliza, huku akitia alama. Alama za kwake ni tatu tu. Akanionyesha kwa kidole: "Hii nanunua. Hii nabeba bure. Hii wewe unanilipa." Ndivyo wanavyofanya kazi yadi zile zenye heshima, na mtu anayeonyesha alama zake mbele yako unaweza kubishana naye bila kutukanana.

Tulibishana kweli. Nikayasifia madirisha yako kwamba hayajawahi kuona mvua. Akakwaruza fremu kwa ukucha na kutu ikamwagika sakafuni. Hata hivyo akayanunua, pamoja na mlango. Choo kilikuwa na ufa, akakubali kukibeba bure. Bafu alilinunua kwa moyo mkunjufu, na sitakuficha sababu: kuna mama mmoja anayepika pombe ya busaa ambaye amekuwa akitafuta chombo kikubwa kisichovuja. Roseline alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa, kwa kuwa nilimkumbuka Baba na mikono yake juu ya lile bafu.

Ikabaki saruji. Njogu alipasua karatasi ya mfuko mmoja, na ndani yake mlikuwa na jiwe. Akapasua wa pili na wa tatu. Yote ilikuwa mawe, kaka, na ile ya juu ilikuwa imebonyea kidogo mahali walipokuwa wakilala wanangu. Sijui iliganda mwaka gani. Nilichojua ni kwamba tulipomzika Baba ilikuwa bado unga, maana nilikuwa nikiikandamiza kwa kidole kila nilipowatandikia watoto. Nilitoka nje nikasimama kwenye ua mpaka Njogu akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Alitaka nimlipe kwa kila mfuko, kwa sababu ni mzigo wa watu wanne na hakuna wa kuununua. Nikasema nitalipa kwa jumla, si kwa mfuko. Roseline akatupikia chai. Kufikia kikombe cha pili tulikubaliana: atayatumia mawe kujazia shimo mbele ya yadi yake, na atakata gharama ya kuyabeba kutoka kwenye pesa za madirisha, mlango na bafu. Tukapiga hesabu pamoja. Ikawa sare. Hakunidai, wala sikumdai.

Hiyo ndiyo bei ya haki, na sina ugomvi na Njogu. Lakini nataka uielewe vizuri. Nyumba yako yote, ambayo kwa ajili yake mimi nimekaa bila nyumba, iliweza kulipa nauli ya kujiondoa yenyewe basi. Senti ya juu haikupatikana.

Siku iliyofuata nilipanda gari kwenda Kimilili kuongea na baba mdogo Mulama, ndugu ya Baba, ambaye sasa ndiye msemaji wa boma letu. Nilidhani nimejipanga vizuri. Nilidhani nitamwambia mzigo umetoka, Simiyu hana mpango wa kujenga, niruhusiwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimeuza vyote. Nikasema vyote. Akashika kichwa.

Kumbe mimi sikuelewa. Wazee walikuwa wakikuhesabu kuwa unajenga. Mtu akiuliza habari zako, jibu lilikuwa kwamba Simiyu anajenga, vifaa viko Nairobi, amechelewa tu. Ule mzigo niliokuwa nikiulaani kila siku ndio uliokuwa umekushikia nafasi yako bomani. Nilipouondoa, hakikubaki hata kitu kimoja cha kuonyesha kwamba unarudi.

Wazee walikaa siku nzima. Mwishoni wakasema mimi nijenge, kwa kuwa siwezi kuzeekea jikoni kwa mama yangu, lakini sitakuruka. Itabidi kiwanja chako kiwe na nyumba kwanza. Aliye hai hushika nguzo yake ya kwanza mwenyewe, nawe hukuwepo. Ikabaki njia ya pili, ile wanayotumia kwa mtu aliyefia mbali bila kujenga: mzee mmoja anaishika nguzo kwa jina lake.

Baba mdogo Mulama aliishika. Alitaja jina lako, jina la Baba na jina la babu, nami nikashindilia udongo kwa mguu. Mama alikuwa ameahidi kukaa ndani. Aliposikia jina lako likitajwa kwa namna ile alitoka akiwa amejifunga kanga kiunoni, akapiga nduru, ile ya msiba. Wanawake wa jirani wakaja mbio wakiuliza nani amekufa.

Kibanda chako kimeezekwa nyasi, ni kidogo, mtu mzima anainama kuingia. Changu nimekianza upande wa pili wa uwanja. Nimepata nilichokitaka miaka yote, na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nimekukasirikia mpaka nimechoka, lakini sikupanga kukuzika. Baba mdogo anasema ukija na miguu yako, nguzo ile itang'olewa na utaisimamisha tena kwa mkono wako, na mambo yatakuwa yamekwisha. Njoo basi, hata bila koti, hata mikono mitupu.

Jumamosi narudisha ufunguo kwa karani, tunaondoka. Barua zako zitume kwa anwani ya kanisa la Kimilili, nitazipata.

Roseline anakusalimu, na amesema hana kinyongo nawe sasa kwa kuwa ameweza kulifungua kabati kabla hatujaliuza. Baba mdogo Mulama anakusalimu. Amolo naye anakusalimu, bado anadhani tunaficha mali. Wasalimie mkeo na watoto, na Mungu awalinde huko mliko na awape njia ya kurudi.

Mama sikumsahau. Kabla ya kuondoka nilimwuliza salamu zake nikuletee zipi, kama ninavyomwuliza kila mara. Alikuwa anachambua mboga. Alisema hajui ampelekee nani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata sasa,

Wasike